Upande wa Nje wa Kioo: Historia ya Usafi wa Matangi ya Maji ya Bahari

Historia ya akwaria, yaani tangi la kioo linalotengenezwa ili viumbe wa majini waishi ndani yake na kutazamwa, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya maji: namna yalivyotekwa baharini, namna yalivyotiwa hewa, na namna yalivyozuiwa yasioze. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanauacha kando uso mmoja wa tangi, nao ni uso wa nje wa kioo, ambao ndio pekee mtazamaji anaoweza kuugusa. Katika muda wa karibu karne mbili uso huo umekusanya chumvi, umande, masizi, vumbi na alama za vidole, na ukiufuatilia mwenendo wake utaona jambo ambalo vitabu vya fani hii hulitaja kwa nadra, kwamba karibu kila ufundi uliobuniwa ili kurefusha maisha ya viumbe walio ndani ulileta aina mpya ya uchafu nje.

Hatua za mwanzo zilikuwa za watafiti waliofanya kazi nyumbani kwao. Mfaransa Jeanne Villepreux-Power, aliyekuwa akiishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza matangi ya kioo mnamo 1832 ili amchunguze argonauta, mnyama wa jamii ya pweza ambaye jike lake huwa na gamba jembamba jeupe, na kwa njia hiyo akathibitisha kuwa gamba hilo hutengenezwa na mnyama mwenyewe, wala si la kuazima kutoka kwa kiumbe mwingine. Mwaka 1846, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza, akayaweka katika mabakuli ya kioo nyumbani kwake London, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kuyatia maji hewa, yalimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na mtumishi wa kike wa nyumba hiyo. Kwa bibi huyo kumimina maji kulikuwa sehemu ya uchunguzi wa kisayansi; kwa mtumishi kulikuwa pia chanzo cha kazi ya pili, kwa sababu maji ya bahari yanayomiminwa hurusha matone, na matone hayo hayakauki bila kuacha alama.

Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na maji yanapogeuka mvuke chumvi hiyo haiondoki nayo. Kanuni hiyo ndiyo inayoyaendesha mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huanikwa juani katika mabwawa hadi ibaki chumvi nyeupe ya kukwanguliwa. Tofauti ni kwamba ukingoni mwa tangi mavuno hayo hayatakiwi na mtu. Tone moja linapokauka juu ya kioo huacha fuwele, yaani punje ndogo za chumvi zenye pembe, na kati ya punje hizo hubaki nafasi nyembamba zinazovuta maji mengine kama utambi unavyovuta mafuta. Maji yaliyovutwa hufika kwenye ncha ya ganda, hukauka hapo, na kuongeza punje mpya mbele ya zile za kwanza, hivi kwamba ganda husonga lenyewe, hupanda juu ya ukingo, hushuka upande wa nje wa kioo, na lisipozuiwa hufuata waya na mabomba hadi mbali na tangi. Wafugaji wa samaki wa baharini husema kuwa chumvi inatambaa, na usemi huo unaeleza sawasawa kinachotokea. Kibaya zaidi, chumvi ya bahari si chumvi ya mezani peke yake, bali ina pia kloridi ya magnesi, ambayo hunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo alama iliyofutwa vibaya usiku wa kiangazi hugeuka utando wa maziwamaziwa asubuhi yenye unyevu, hata kama hakuna tone jipya lililoruka.

Mnamo 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliieleza Jumuiya ya Kemia mpango uliotarajiwa kumaliza taabu ya kubadilisha maji. Katika chombo kimoja aliweka samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono: mimea ilitoa oksijeni, samaki waliivuta na kutoa kaboni dioksaidi ambayo mimea iliihitaji, nao konokono walikula majani yaliyooza na utando wa kijani uliofunika vioo. Muda si mrefu mpango huo ulijaribiwa katika maji ya bahari, na mtu aliyeutangaza kwa ustadi kuliko wote alikuwa Philip Henry Gosse, mtaalamu wa viumbe wa pwani, ambaye kitabu chake The Aquarium kilichapishwa 1854. Gosse aliwatazama konokono wa baharini kwa lenzi walipokuwa wakilamba mwani kwenye kioo, akaona jinsi ulimi wao wenye meno madogo sana ulivyoacha michirizi iliyopangika, mithili ya nyasi zilizofyekwa. Hapo ndipo ilipozaliwa fikra iliyowavutia watu wa zama zile, ya dunia ndogo inayojitosheleza, isiyohitaji mkono wa mtu baada ya kuundwa. Fikra hiyo ilikuwa na ukweli kwa upande wa ndani, ingawa hata huko haikudumu kila mara. Kwa upande wa nje haikuwa na ukweli wowote, kwa kuwa hakuna konokono anayeweza kuajiriwa kwenye uso mkavu. Tangi lililosifiwa kuwa linajitunza lilihitaji mtu wa kulifuta karibu kila siku, na waandishi waliolisifu hawakuwa na haja ya kumtaja, kwa sababu hawakuwa wao waliokuwa wakifuta.

Fikra hiyo iliingia majumbani kwa kasi kwa sababu za kiuchumi pia. Serikali ya Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo mwaka 1845, bei ya vioo ikashuka, na Mei 1853 bustani ya wanyama ya Regent's Park, London, ilifungua jengo la samaki lililowaonyesha wananchi viumbe wa baharini wakiwa hai nyuma ya kioo. Katika miaka michache iliyofuata tangi la maji ya bahari likawa pambo la sebule za watu wa tabaka la kati, na Shirley Hibberd alilipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha 1856 kuhusu mapambo ya nyumba. Sebule hizo zilipashwa joto kwa makaa ya mawe na nyingi ziliangazwa kwa gesi, na vyote viwili viliacha masizi, yaani chembe nyeusi za moshi zenye mafuta, juu ya kila kitu chenye uso laini. Masizi yalipokutana na chumvi yenye unyevu yalitoa uchafu wa kijivu usiotoka kwa kitambaa kikavu. Ufundi wa kusafisha vioo uliojulikana majumbani wakati huo ulitegemea unga laini wa chaki, pombe kali kidogo na kitambaa cha hariri au ngozi laini iliyolainishwa kwa mafuta, na ufundi huo uliwafaa watumishi kwenye vioo vya kujitazamia na madirisha. Kwenye tangi lililo wazi juu ulikuwa na hatari, kwani unga na pombe viliweza kuangukia majini. Warington mwenyewe alibuni tangi ambalo kioo chake kilikuwa upande wa mbele tu, pande nyingine zikiwa za mawe ya bamba na mgongo wake ukiinama, ili mwanga uingie kutoka juu kama uingiavyo baharini. Lengo lake lilikuwa kuzuia mwani usizidi, lakini aliyefaidika bila kukusudiwa ni mtumishi, ambaye sasa alikuwa na uso mmoja wa kufuta badala ya nne.

Mtindo huo wa majumbani ulififia upesi, na mwaka 1868 kasisi na mwandishi J. G. Wood aliandika kana kwamba anaelezea jambo lililokwisha pita. Kilichobaki kilihamia kwenye majengo ya umma, na huko suala la kioo likawa la kihandisi. Mhusika mkuu alikuwa William Alford Lloyd, aliyeanza kama muuzaji wa matangi London, akasimamia akwaria ya Hamburg iliyofunguliwa 1864, kisha ile ya Crystal Palace iliyofunguliwa 1871. Lloyd aliamini kuwa mimea peke yake haitoshi kuyaweka maji hai. Akaweka chini ya jengo hifadhi kubwa ya maji gizani, iliyozidi sana maji ya matangi ya maonyesho, na kwa pampu za mvuke akayazungusha maji hayo mchana na usiku, yakiingia katika kila tangi kwa mchirizi wa nguvu uliovuta hewa na kulijaza mapovu. Kwa viumbe mpango huo ulikuwa neema. Kwa kioo ulikuwa balaa, kwa sababu kila povu linalopasuka juu ya maji hurusha vitone vidogo mno, na mapovu maelfu kwa saa hutengeneza ukungu wa chumvi usiokoma. Hapa inaonekana wazi zaidi kuliko mahali pengine popote kwamba uhai wa ndani ulilipiwa kwa kazi ya nje.

Majengo hayo yalikuwa na adui wa pili, nao ni umande. Viumbe waliopendelewa walikuwa wa bahari za Uingereza na Atlantiki ya kaskazini, wanaoishi katika maji baridi, ilhali watazamaji walikuwa na joto, nguo nzito na pumzi. Hewa yenye unyevu inapogusa kioo kilichopozwa na maji hushindwa kubeba mvuke wake wote, na sehemu ya mvuke huo hugeuka matone juu ya kioo. Akwaria ya Brighton, iliyojengwa na mhandisi Eugenius Birch na kufunguliwa 1872 chini ya usawa wa barabara ya ufukweni, ilikuwa pia mahali pa muziki na matembezi ya jioni. Na katika ukumbi wa namna hiyo wingi wa watu ndio uliokuwa faida ya mwenye jengo na pia sababu ya kioo kutoonyesha kitu. Taa za gesi za zama hizo ziliongeza unyevu, kwani gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji. Umande peke yake ni maji safi na hufutika kwa pigo moja, lakini mfutaji aliyetumia kitambaa kilekile alichofutia chumvi ukingoni alikuwa akiisambaza chumvi juu ya kioo kizima, na ndiyo maana kanuni ya kutenga vitambaa, kimoja cha chumvi na kingine cha kukaushia, bado inafuatwa na mafundi wa leo.

Kati ya akwaria zote za karne ya 19, ile ya Napoli ndiyo inayoonyesha vizuri thamani ya kioo kisafi. Mwanabiolojia Mjerumani Anton Dohrn aliianzisha Stazione Zoologica mwaka 1872 kama kituo cha utafiti wa viumbe wa bahari, na Januari 1874 akafungua sehemu yake ya chini, yaani akwaria, kwa wageni waliolipa kiingilio. Lloyd alikuwa mshauri wake katika mitambo. Dohrn alikusudia kuwa fedha za watalii zisaidie kuendesha maabara zilizo juu, kwa hiyo gharama yote ya darubini na maktaba ilisimama, kwa kiasi fulani, juu ya kioo ambacho mgeni aliweza kuona kupitia kwake. Ukumbi wake uliachwa gizani na mwanga uliingia kupitia matangi tu. Mpango huo una sababu ya kimaumbile: mtazamaji akisimama penye mwanga mkali kuliko ulio tangini, kioo humrudishia sura yake mwenyewe; akisimama gizani, sura hiyo hutoweka na maji hubaki. Lakini mwanga unaotoka ndani humulika pia kila alama ya kidole na kila mchirizi wa chumvi, ambao katika ukumbi wenye mwanga usingeonekana. Giza lililowapa wageni bahari liliwanyima wafutaji nafasi ya kuficha uzembe.

Kuhusu majengo makubwa yaliyofuata hakuna haja ya kusema mengi hapa, kwa kuwa yalirudia mpango uleule kwa ukubwa zaidi. Mabadiliko yenye uzito yalitokea katika viungo vya tangi. Kwa zaidi ya karne moja vioo vilishikiliwa na fremu za chuma na puti, yaani unga wa chaki uliokandwa kwa mafuta, na chumvi iliyotambaa nje ilikula chuma, ikatoa kutu, na kutu ikachirizika juu ya kioo kwa rangi ya kahawia ambayo maji matupu hayaiondoi. Kuisugua kutu kulikuwa kazi, lakini kuiacha chumvi iendelee kula vyuma kulikuwa hatari kwa viumbe, kwani madini mengine yaliyotumika kwenye fremu na mabomba, hasa shaba, huua matumbawe na jamaa zake hata kwa kiasi kidogo. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kutengeneza kioo kwa kukimimina kikiwa kimeyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, na kioo kikatoka bapa na laini bila kuhitaji kusuguliwa. Katika mwongo uliofuata gundi ya silikoni ikawezesha vipande vya kioo kuunganishwa ukingo kwa ukingo bila fremu ya chuma. Hatimaye uso wa nje ulikuwa kioo kitupu, na adui mmoja wa kale, kutu, akaondoka jukwaani.

Nafasi yake ilichukuliwa na joto. Usafiri wa ndege uliwezesha samaki wa matumbawe wa nchi za tropiki kufika Ulaya na Marekani wakiwa hai, na pwani ya Kenya ni miongoni mwa sehemu za Bahari ya Hindi ambako wazamiaji wamekuwa wakiwavua kitatange na samaki wengine wa rangi kwa ajili ya biashara hiyo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza jinsi alivyowafuga viumbe wa matumbawe kwa kutumia mawe hai yaliyotolewa baharini na mapovu ya hewa tu, na chumvi ya bahari ya kutengenezwa iliwawezesha hata watu walio mbali na pwani kufanya vivyo hivyo. Samaki hao huhitaji maji ya takriban nyuzi 25, na kwa hiyo kioo chao hakitoi umande kama kile cha Brighton. Lakini maji ya vuguvugu, yaliyo chini ya taa kali katika chumba kikavu chenye kipasha joto, hukauka haraka, na kinachokauka huacha chumvi. Matumbawe yalipochukua nafasi ya samaki wa bahari baridi, chumvi ilichukua nafasi ya umande.

Ufundi wa kufuta nao ulibadilika katika kipindi hicho, ingawa si mara zote kwa manufaa. Fimbo yenye ukingo wa mpira wa kukaushia vioo, aliyoiandikia hataza Ettore Steccone wa California mwaka 1938, ilitengenezwa kwa ajili ya madirisha, lakini inafaa sana kwa kioo kipana cha tangi, mradi ganda la chumvi liwe limekwisha yeyushwa. Dawa za madirisha zenye amonia, kwa upande mwingine, hazifai, kwa kuwa amonia ni sumu kwa samaki, na ukungu wa dawa unaopulizwa juu ya kioo huweza kuvuka ukingo na kuingia majini. Mafundi wazoefu hupulizia kitambaa wala si kioo, na wengi wao wameziacha dawa kabisa. Sababu yao ni ya kikemia: chumvi ya kawaida huyeyuka katika maji safi, kwa hiyo kitambaa kilicholowa maji baridi kikiwekwa juu ya ganda kwa dakika chache humaliza kazi bila kusugua; ni chokaa tu, ambayo hutokana na kalsiamu iliyomo katika maji ya bahari na maji ya bomba, inayodai siki, kwa kuwa asidi ndiyo inayoivunja. Michubuko ya kioo haisababishwi na chumvi, ambayo ni laini kuliko kioo, bali na punje ya mchanga iliyonasa katika kitambaa au katika sumaku ya kusafishia, kile kifaa cha vipande viwili ambacho kimoja hukaa ndani na kingine huvutwa kwa mkono upande wa nje.

Kanuni hiyo ya ulaini ilipinduliwa na akriliki, plastiki angavu iliyotengenezwa kibiashara Ujerumani katika miaka ya 1930 na ambayo baadaye iliwezesha madirisha ambayo kioo kisingeweza kuyahimili. Akwaria ya Churaumi, Okinawa, iliyofunguliwa 2002, ina dirisha lenye upana wa mita 22.5, kimo cha mita 8.2 na unene wa sentimita 60, na lile la Dubai, lililofunguliwa 2008 ndani ya jengo la maduka, lina upana wa mita 32.88 na unene wa sentimita 75. Unene huo haufifishi picha, kwa sababu akriliki hupitisha mwanga vizuri na hupinda miale kwa kiasi kinachokaribiana na cha maji kuliko kioo. Lakini ni laini kiasi kwamba fuwele za chumvi zikisuguliwa kavu huikwaruza, na pombe au amonia huitia nyufa ndogo kama utando wa buibui. Unga wa chaki na pombe vya karne ya 19 vingeiharibu. Huko Dubai, ambako umati wa wapita njia huegemeza viganja na vipaji vya nyuso kwenye dirisha tangu asubuhi hadi usiku, mafuta ya ngozi yameishinda chumvi kwa wingi, na kifutio kinachofaa ni kitambaa cha nyuzi ndogo sana zilizopasuliwa, kilicholoweshwa maji na sabuni laini. Faida pekee ambayo akriliki imempa mfutaji ni kwamba mkwaruzo wake si wa milele: fundi huweza kuusugua kwa msasa wa maji, kuanzia ule wenye chembe kubwa hadi ule laini kabisa, kisha kuung'arisha kwa dawa ya kupolishia hadi upotee, na kwa upande wa nje kazi yote hiyo hufanyika tangi likiwa limejaa na samaki wakipita mbele yake.